Mkopo wa chuo kwa wanafunzi wa Mtwara na Lindi: anza na karatasi, mtandao baadaye

Kila ikifika Juni na Julai maswali huwa yaleyale. Naomba mkopo kabla au baada ya kupata chuo? Cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamedi na matokeo yameandikwa Mohamed, itakuwaje? Baba alifariki nikiwa mdogo na cheti cha kifo hatuna, nifanyeje? Nipo JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), nani atanijazia?

Mwongozo huu unamhusu anayeomba kwa mara ya kwanza mkopo wa Serikali unaotolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), awe anatoka Newala, Tandahimba, Nanyumbu, Liwale, Kilwa au mjini kabisa. Bodi hutoa mwongozo wake rasmi kila mwaka kwenye tovuti ya heslb.go.tz, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Upakue na uusome wote, kwa sababu tarehe na masharti madogomadogo hubadilika. Haya yaliyomo hapa ni yale ambayo mwongozo rasmi hauyaelezi kwa mtu anayeishi kilomita mia na zaidi kutoka makao makuu ya mkoa.

Jambo kubwa la kushika ni hili: wengi wanaokosa mkopo wakiwa na shida ya kweli huwa wamekosea kwenye karatasi, tena kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Umaskini wa nyumbani kwenu unajulikana kijijini. Bodi haiujui, na itaamini kile tu ulichokipandisha kwenye mfumo na kikahakikiwa.

Nani anaweza kuomba

Awe Mtanzania, umri usiozidi miaka 35, anasoma au anatarajia kusoma kwa muda wote kwenye chuo kinachotambuliwa, na hana ajira wala mkataba unaomlipa mshahara. Awe pia amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita.

Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 wanafunzi wa stashahada nao hukopeshwa, ila kwa fani za kipaumbele tu, zikiwemo afya, ualimu wa masomo yaliyotajwa, usafirishaji, nishati, madini, kilimo na mifugo. Kama unakwenda kusoma stashahada, hakikisha fani yako imetajwa kwa jina kwenye mwongozo wa stashahada wa mwaka huo kabla hujalipa ada ya maombi. Mwongozo wao ni tofauti na tarehe zao si lazima zifanane na za shahada.

Waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa masomo ya sayansi kidato cha sita wana njia nyingine, Samia Scholarship, iliyoanza mwaka 2022/2023. Huo ni ufadhili, haurudishwi. Orodha ya wanaostahili hutangazwa baada ya matokeo.

Vitu vya kuwa navyo mkononi kabla hujagusa mtandao

- Namba yako ya mtihani ya kidato cha nne: namba ya kituo, namba yako, na mwaka. Kama ulirudia mtihani ziandike zote. Ya kidato cha sita iweke karibu pia. Aliyepitia stashahada awe na namba yake ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, baraza la elimu ya ufundi.
- Cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa Serikali wa kusajili vizazi na vifo.
- Cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, kwa aliyefiwa na mzazi mmoja au wote.
- Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa.
- Namba ya kaya ya TASAF, kwa kaya zilizo kwenye mpango huo wa ruzuku kwa kaya maskini.
- Fomu ya ulemavu iliyosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa, kwa mwombaji mwenye ulemavu au ambaye mzazi wake ana ulemavu.
- Barua ya mfadhili, kwa aliyesomeshwa sekondari na shirika au taasisi.
- Picha ya pasipoti yako na ya mdhamini, pamoja na nakala ya kitambulisho cha mdhamini.
- Akaunti ya benki yenye jina lako, laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, na barua pepe unayoweza kuifungua mwenyewe.
- Ada ya maombi, ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa shilingi 30,000, pamoja na ya kuhakiki vyeti RITA, ya wakili na ya stesheneri.

Kuhusu fedha hiyo: dirisha la maombi kwa kawaida hufunguliwa Juni na kufungwa mwisho wa Agosti. Minada ya korosho huanza Oktoba. Familia inayotegemea korosho peke yake itakuwa haina kitu wakati fedha inahitajika, kwa hiyo anayelima ufuta atenge mapema, maana mnada wa ufuta ndio unaoangukia miezi hiyo.

Majina

Hapa ndipo penye matatizo mengi kuliko pengine pote, na huku kwetu yamezidi kwa sababu ya namna tunavyoandika majina. Shule ya msingi mwalimu aliandika Saidi, cheti cha kuzaliwa kikaandikwa Said, NIDA wakaandika Saidi tena lakini jina la babu likawa badala ya la ukoo. Hawa na Hauwa, Fatuma na Fatma, Issa na Isa, Ahmadi na Ahmad. Kwa jirani ni mtu mmoja. Kwa mfumo wa kompyuta unaolinganisha herufi, hao wanaweza kuwa watu wawili.

Chukua karatasi zako zote, zitandaze mezani, kisha andika jina lako kama lilivyo kwenye kila moja, herufi kwa herufi, mstari mmoja chini ya mwingine. Linalotawala ni jina la kwenye matokeo ya kidato cha nne, kwa sababu ndilo mfumo wa Bodi utakalolivuta kutoka Baraza la Mitihani. Nyingine zote zilifuate hilo.

Ikiwa kosa ni la mwandishi tu, herufi imeongezeka au imepungua kwenye cheti cha kuzaliwa, peleka maombi ya marekebisho kwa msajili wa RITA wa wilaya, ambaye kwa kawaida hukaa kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Ikiwa jina zima ni tofauti, utahitaji hati ya kubadili jina inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kiapo cha mahakamani peke yake mara nyingi hakitoshi. Yote mawili huchukua wiki, kwa hiyo anayeanza Julai amechelewa. Aprili ni mwezi mzuri wa kuanza.

Tahadhari nyingine: kuna vyeti vya kuzaliwa vilivyopatikana kupitia vishoka, mzazi akalipa na akaletewa cheti nyumbani. Siku ya uhakiki RITA wanasema kumbukumbu haipo. Ukiambiwa hivyo usibishane wala usimrudie aliyekiuza. Anza usajili upya ukiwa na cheti cha kumaliza darasa la saba, kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo kama kipo, kitambulisho cha mzazi na barua ya mtendaji.

Cheti cha kifo

Vifo vingi vijijini havikusajiliwa. Mtu alifia nyumbani, akazikwa siku hiyohiyo au kesho yake, na kilichobaki ni kumbukumbu ya watu na pengine kibali cha mazishi. Kibali hicho si cheti cha kifo, na ukikipandisha kwenye mfumo utahesabiwa kama mtu ambaye wazazi wake wote wapo.

Kifo cha zamani kinasajiliwa hata sasa. Anza kwa mtendaji wa kijiji au mtaa alikofia marehemu (si unakoishi wewe), upate barua inayotaja jina kamili, tarehe na mahali pa kifo, ukiwa na ndugu aliyeshuhudia mazishi. Kama alifia hospitalini, Ligula, Sokoine au Ndanda kwa mfano, ulizia karatasi ya kifo kwenye kitengo cha kumbukumbu za wagonjwa. Vipeleke kwa msajili wa wilaya. Hakikisha jina la marehemu kwenye cheti cha kifo linafanana na jina la mzazi kwenye cheti chako cha kuzaliwa, maana bila hivyo hakuna kinachoonyesha kwamba huyo ndiye baba yako.

Baba aliyeondoka na hajulikani alipo si marehemu. Usijaze kwamba amefariki. Jaza taarifa za mzazi au mlezi anayekulea. Wengi huku wamelelewa na mjomba au bibi, na hao wanaruhusiwa kabisa kuwa wadhamini wako.

Anayekwenda JKT

Wanaoitwa kwa mujibu wa sheria huingia kambini karibu wakati uleule dirisha linapofunguliwa. Ukiwa kambini huna simu ya kupokelea ujumbe wala mwenyekiti wa mtaa wenu wa kukugongea mhuri. Kwa hiyo uhakiki wa RITA, NIDA, akaunti ya benki na picha vikamilike kabla hujaondoka nyumbani. Acha nakala zote kwenye bahasha moja kwa mtu anayesoma na kuandika vizuri na asiyesafiri. Mdhamini wako ajue kuwa ni mdhamini na asiwe shambani mbali siku utakayorudi.

Hatua za kuomba

1. Hakiki vyeti RITA. Fungua akaunti kwenye mfumo wa eRITA, pandisha nakala ya cheti, lipia, subiri majibu. Andika namba ya uhakiki kwenye daftari pia, simu hupotea.

2. Jisajili kwenye mfumo wa Bodi, olas.heslb.go.tz, kwa namba yako ya kidato cha nne. Tumia namba ileile utakayoombea chuo. Aliyerudia mtihani akaombea mkopo kwa namba ya kwanza na chuo kwa namba ya pili, mifumo miwili haitamkutanisha, na jina lake halitatoka hata kama amepata chuo. Nywila itunge mwenyewe, usiachie mtu wa stesheneri akutungie.

3. Lipia ada ya maombi. Mfumo utakupa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo kila mtu huiita kontrolo namba. Lipa kwa simu au benki kwa namba hiyo tu. Bodi haipokei fedha kwa namba ya simu ya mtu. Hifadhi ujumbe wa malipo.

4. Jaza taarifa, sehemu moja baada ya nyingine. Ukifika kwenye TASAF, usijaze kwa kukisia. Nenda kwa mtendaji au kamati ya kijiji ukaone kama jina lako limo kwenye orodha ya kaya, pamoja na namba ya kaya yenyewe. Mama kupokea ruzuku huku wewe hukuandikwa kama mwanakaya ni jambo linalotokea sana kwa watoto waliosoma bweni. Kwenye kazi ya mzazi andika ukweli: mkulima, mvuvi, mama lishe. Usiongeze, usipunguze.

5. Weka picha na akaunti ya benki. Jina la akaunti liwe lako, si la kaka. Akaunti iliyolala miezi mingi iamshe kwanza kwa kuweka kiasi kidogo, au muulize wakala wa benki kama bado iko hai.

6. Kagua, kisha chapisha fomu na mkataba. Soma kila ukurasa kwa sauti mbele ya mtu mwingine kabla ya kuchapisha. Kosa likionekana sasa unalirekebisha kwa dakika moja; baada ya saini na mihuri utarudia safari nzima.

7. Kusanya saini kwa mpangilio huu: wewe, mdhamini, mwenyekiti au mtendaji wa kijiji au mtaa, na mwisho wakili au hakimu. Wakili awe wa mwisho kwa sababu anathibitisha viapo vilivyokwisha kujazwa, na pia kwa sababu yuko mbali. Anayetoka Liwale au vijiji vya Nanyumbu asifunge safari ya mjini kabla mhuri wa kijiji haujagongwa. Piga simu kwanza kuuliza kama hakimu yupo. Mhuri usiangukie juu ya jina au tarehe. Saini yako ifanane na ya NIDA.

8. Piga skani kurasa zilizosainiwa na vyeti. Kama unatumia simu, tumia programu ya skani badala ya picha ya kawaida. Weka karatasi mezani karibu na mlango mchana, na usisimame kati ya mwanga na karatasi. Pembe zote nne zionekane na mhuri usomeke. Ukubwa wa faili unaoruhusiwa umeandikwa pale pa kupandishia. Kisha fungua kila faili ulilopandisha uone kama ndilo: cheti cha kifo kuwekwa kwenye nafasi ya cheti cha kuzaliwa ni kosa la kila mwaka.

9. Wasilisha. Kujaza si kuwasilisha. Bonyeza kitufe cha mwisho, kisha rudi kwenye akaunti yako uone mfumo unaeleza kwamba maombi yamepokelewa. Chapisha nakala yako. Usifanye hivi siku mbili za mwisho wa Agosti, wakati nchi nzima iko kwenye mfumo huo.

Jibu la swali la kwanza ni hili basi: omba mkopo bila kusubiri chuo. Ila hutapangiwa mkopo mpaka udahili wako uthibitike, na aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa muda uliowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU).

Ukishapangiwa

Majina hutoka kwa awamu, kwa kawaida kuanzia Oktoba, na utaona kiasi chako kwenye akaunti yako ya kudumu ya mwanafunzi, SIPA. Kukosa awamu ya kwanza hakumaanishi umekosa. Mkopo umegawanywa kwenye vifungu: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo na vinginevyo. Si kila mtu hupata vyote kwa ukamilifu, kwa hiyo soma kifungu cha ada kwa makini na ujue familia inabaki na deni gani chuoni.

Chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Awali ilikuwa 8,500. Kwa hiyo bumu, yaani fungu la fedha hiyo, la siku 60 ni shilingi 600,000, na ndani yake mna chumba, chakula na nauli za mjini. Bumu la kwanza halitakusubiri getini. Lazima uripoti, usajiliwe, kisha usaini kwa afisa mikopo wa chuo. Uondoke nyumbani na fedha ya kula wiki kadhaa mbali na nauli ya basi. Ukiitwa kusaini, saini siku hiyo. Fedha isiyosainiwa kwa wakati hurudishwa Bodi, na kuifuata tena ni kazi.

Wazazi wengi huku pwani huuliza kuhusu riba kabla ya kukubali kusaini, na wana haki ya kujibiwa kwa takwimu. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiongezeka kila mwaka, ilifutwa 2021. Iliyobaki ni ada ya uendeshaji ya asilimia 1. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Mzazi apewe maelezo hayo mapema, na mwenye shaka ya kidini akamuulize sheikh wake akiwa nayo mkononi, asisubiri siku ya kumwita kusaini.

Mambo yakikwama

*Malipo yametoka kwenye simu lakini mfumo hauoni.* Linganisha tarakimu za kontrolo namba kwenye ujumbe na kwenye mfumo. Zikifanana, subiri hadi kesho kisha wapigie Bodi kwa namba zilizo kwenye tovuti yao ukiwa na namba ya muamala. Usilipe mara ya pili.

*RITA hawajajibu na dirisha linakaribia kufungwa.* Fika kwa msajili wa wilaya ukiwa na cheti halisi na uthibitisho wa malipo. Mara nyingi tatizo ni nakala isiyosomeka iliyopandishwa mwanzoni.

*Umeambiwa kuna mapungufu.* Bodi ikishakagua maombi hutoa muda mfupi wa kurekebisha yale yenye kasoro, na taarifa huonekana ndani ya akaunti yako. Hii ndiyo hasara ya kutumia simu ya mtu mwingine: ujumbe unakwenda kwake, naye yuko Dar es Salaam. Baada ya Agosti ingia kwenye akaunti kila wiki hata kama hakuna ujumbe.

*Jina limetoka lakini chuo hakikuoni.* Karibu kila mara umepangiwa mkopo kwenye chuo kimoja na kusajiliwa kingine. Muone afisa mikopo wa chuo ulichopo, aanzishe uhamisho wa mkopo. Usirudi nyumbani.

*Umekosa kabisa, au umepata kidogo mno.* Subiri dirisha la rufaa, ambalo hufunguliwa awamu zikikamilika. Rufaa inayofanikiwa huwa na kitu kipya: cheti cha kifo kilichopatikana baadaye, fomu ya ulemavu ambayo haikuwekwa, uthibitisho wa TASAF. Barua ndefu ya kueleza shida, bila karatasi mpya nyuma yake, haibadilishi hesabu. Na rufaa ikishindikana, unaweza kuomba tena mwaka unaofuata kama mwanafunzi anayeendelea, mradi umefaulu mitihani ya mwaka wa kwanza. Karatasi ulizokwisha kuzihakiki zitatumika tena, kwa hiyo bahasha ile usiitupe.